Baki la Mashine Kuukuu

1

Siku tuliyobadilisha kompyuta ya ndiva, watu walijitokeza wengi kuliko siku ya kutoa tope. Nilitaka kuwacheka, ila mashine yenyewe ilikuwa njiani inakuja, na roho yangu ilikuwa juu juu. Droni iliyoileta kutoka Same ilikataa kupanda kwenye ukungu, ikaishusha njia panda ya chini na kurudi zake. Basi Mama Nakivona Mgonja, mwenyekiti wetu, akaitisha msaragambo, na kijiji kizima cha Ikombwa kikateremka kusaidiana kubeba kitu ambacho mimi peke yangu ningekipakata kama mtoto mchanga. Wazee wenye magongo walidai zamu zao. Kila mtu aliibeba kidogo, akampa mwenzake, akarudi nyumbani na haki ya kusema kwamba mashine ya mwanga aliileta yeye.

Ndiva ni bwawa. Mababu zetu wa Upareni walilichimba huku juu mlimani ili maji ya vijito yakusanyike usiku, na asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani. Wao walifungua kwa kigogo na udongo, wakagawana kwa zamu na kwa ugomvi, na zaidi kwa ugomvi. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kortini kudai kuku. Ni uzushi. Mama yangu aliuza mbuzi tu.

Kesi zilipozidi, kizazi kilichotutangulia kilikula kiapo: maji yatagawanywa na kompyuta, na mgawo wa kompyuta haukatiwi rufaa. Sheria nyingine za ndiva zilibaki kama zilivyokuwa. Atoaye tope ndiye anywaye maji. Kesi ya maji ni ya wana-ndiva wenyewe kwa wenyewe. Mgeni akikutwa na maji yetu hashitakiwi, maana hana kiti barazani. Hufukuzwa, na mtaro wake hufukiwa.

Mashine kuukuu ilikuwa boksi la bati lenye feni iliyokohoa kama mvuta kiko. Ilikuwa imefungua na kufunga vilango vya ndiva tangu kabla sijazaliwa, na aliyeiandikia programu alikwisha kuzikwa. Sasa vipuri vyake havikupatikana tena duniani. Dunia ilikuwa imehamia kwenye prosesa za mwanga, ambazo hazipati joto, hazina feni, wala hazielewi hata neno moja la lugha ya prosesa za zamani.

Hapo ndipo penye kazi ya fundi. Unaweza kumweka mkalimani, yaani programu inayoilazimisha mashine mpya ijifanye ya zamani, ifikiri kama ya zamani na hata ikosee kama ya zamani. Au unaweza kukaa chini ukaifasiri programu yote upya, mstari kwa mstari, ili mashine mpya ifanye kazi kwa akili yake yenyewe. Mkalimani nilikuwa naye tayari. Nikamwacha. Mimi ni Mpare, nikinunua kitu nataka kifanye kazi kwa nguvu zake zote. Nikafasiri.

Asubuhi tuliyoiwasha, vilango vilifunguka bila kelele. Watu walikuwa wamesimama mfereji kwa mfereji wakiangalia maji yanavyopanda kwenye mawe ya alama, na kila mmoja akaona yamepita alama ya jana. Kidogo tu, lakini yamepita. Kirumbe, mwenye shamba kubwa kuliko wote, alipiga magoti akaligusa jiwe lake kuhakikisha si ukungu.

"Hii mashine haidokoi," Mama Nakivona akasema, akanipiga makofi mawili begani.

Kisha akaigeukia ndiva yenyewe, akaitazama na kuguna. Nusu ya bwawa ilikuwa tope. Vijana walikuwa wamekwenda mijini, na waliobaki walikuwa na nguvu za kubeba kompyuta kwa zamu, si za kubeba tope. Mimi sikuliwaza tope. Siku hiyo nilijiona nimemaliza chuo cha mwisho cha ufundi wote.

2

Ngusa Malale alipanda mlima akiwa na ndoo ya miche iliyonyauka. Nilimfahamu kwa sababu nilikuwa nawatengenezea betri zao kule Vioo.

Vioo ni kitongoji cha tambarare, chini kabisa ya mlima wetu. Nilipokuwa mtoto, kampuni moja ilikuja kutandika vioo katika nchi kavu ile ili ivune jua, ikaajiri watu kutoka Usukuma, Ugogo, Umakonde na kwingineko. Bei ya jua iliposhuka, kampuni ikaondoka na mitambo yake. Ikaacha vioo na watu. Huku juu tulisema wataondoka wenyewe maji yakiwaishia. Hawakuondoka, kwa sababu chini ya korongo walikuta chemchemi. Waliiita Neema. Kwa maji hayo walikuza miche ya mivule na migunga, wakawauzia wanaoirudishia tambarare miti, na wakajenga shule na kanisa na msikiti.

Ngusa hakuja kulalamika. Aliuliza kwa adabu, akiwa bado amesimama, kama huku kwetu kumeporomoka ardhi.

"Neema imekata, dada fundi," akasema. "Haijawahi kukata, hata mwaka ule wa njaa."

Niliteremka naye. Bwawa lao dogo lilikuwa limepasukapasuka chini, na kina mama walikuwa wakiinyweshea miche kwa kikombe, kila mche funda lake, huku wakiiacha ile iliyokwisha kukata tamaa. Hakuna aliyelia wala kulaumu. Mmoja alinikaribisha uji, akanipa bakuli lisilojaa, na akaomba radhi kwa hilo.

Nikalifuata korongo kwenda juu. Lilinipeleka hadi ukingo wa msitu wa ukoo wa Mgonja, ule ulio nyuma ya ndiva, ambao mtu haingii bila idhini ya wenyewe. Nikaenda kwa Mama Nakivona kuomba ruhusa. Aliniuliza nafuata nini, nikamwambia nafuata njia ya maji. Akanitazama, akaniruhusu, na hakuuliza zaidi.

Ndani ya msitu, nyuma ya mizizi na majani, nilikuta koo la ndiva: bomba pana linalotokeza chini ya ukingo wa bwawa ili maji yakizidi yapungue yasije yakaubomoa. Ndani yake ukuvu ulikuwa bado kijani kibichi. Lilikuwa limekauka juzi juzi tu. Chemchemi ya Neema ilikuwa inatoka kwetu.

3

Nililitoa boksi la bati stoo, nikaliweka mezani kando ya mashine mpya, nikazipa mashine zote mbili hesabu ya siku moja. Feni ikaanza kukohoa. Ngusa alikaa kwenye kigoda akingoja, kofia magotini.

Nilimweleza hivi. Wape watoto watatu mahindi kumi wagawane. Kila mmoja atapata matatu, na moja litabaki. Mtu mwenye akili zake atalikata lile moja vipande vitatu. Prosesa ya mashine kuukuu ilikuwa na ila ya uzao: ilipogawanya, ililisahau baki. Ililisahau kilango kwa kilango, kila mara ilipopiga hesabu, na ilipiga hesabu mchana kutwa. Maji yaliyosahauliwa hayakupotea. Yalibaki ndivani, yakaiongezea kina, yakafika kooni, yakateremka korongoni hadi Vioo. Prosesa ya mwanga haisahau kitu. Hulikata baki hadi tone la mwisho na kumpa kila mtu chake. Ndiyo maana maji yalipita alama za mawe, na ndiyo maana Neema ilikufa.

Ngusa aliigeuzageuza kofia yake.

"Kwa hiyo tumeishi kwa kosa," akasema.

"Mmeishi kwa baki."

"Basi lirudishe. Yule mkalimani uliyenieleza, si unaye? Ukimweka, mashine hii itakosea kama ile. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Mgawo wa kompyuta haukatiwi rufaa, kwa hiyo hakuna anayeukagua. Mkalimani alikuwa pale kwenye skrini, amebakiza kitufe kimoja. Nikaweka kidole, na nakiri kwamba kidole kilitaka kubonyeza. Nilikuwa bado naliona bakuli la uji.

Nikakiondoa. Mashine ilipodokoa haikuwa na nia; nikidokoa mimi ni wizi, na nitakuwa nawaibia majirani zangu huku nikiwaamkia shikamoo kila asubuhi. Hilo peke yake pengine ningelivumilia, kusema kweli. Lililonishinda ni jingine. Ipo siku nami nitakufa, au nitaolewa Dodoma, na atakuja fundi mwingine na mashine nyingine. Ataliona kosa, atalisafisha, atajisifu kama nilivyojisifu mimi. Watoto wa Vioo wataamka tena na bwawa kavu, wala hakutakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa nini.

Nilimwambia Ngusa yote hayo.

"Ukiwaambia wenzako, watalifukia koo," akasema.

"Huenda."

"Na sisi?"

"Sijui, kaka. Nenda kaongee na watu wako. Wakisema ninyamaze, nitanyamaza na tutatafuta njia nyingine. Lakini mkalimani simweki."

Tangu siku hiyo mgawo wa shamba langu niliugeuza ukaelekea kooni. Huo ulikuwa wangu, haukuhitaji idhini ya mtu. Ulitosha kunywesha watu na kuiweka hai miche michache, na maharage yangu yakaanza kuninunia.

Ngusa alirudi na macho mekundu. Walikesha wakibishana, akasema, na baadhi yao walikuwa wameanza kufunga mizigo.

"Lakini wamesema useme. Wamechoka kunywa maji wasiyojua ni ya nani."

Nikaenda kwa Mama Nakivona. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa, nikamsimulia tangu boksi la bati hadi miche. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliuliza swali moja tu.

"Hao watu wa Vioo, wenye nguvu zao ni wengi?"

Nilidhani anapima kama watapigana tukienda kuwafukuza. Nikasema ni wengi, vijana hasa, waliozoea kubeba vioo na vyuma. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupukuchua.

4

Baraza lilijaa hadi madirishani. Ikombwa ilikuwa na njaa ya kesi. Tangu kile kiapo tulikuwa tukishitakiana kwa mambo madogo madogo tu, mara jogoo anawika nje ya saa, mara kivuli cha mparachichi kimevuka mpaka. Nilisimama nikaeleza kosa la mashine kuukuu, nikayatumia yale yale mahindi kumi, na nikasema wazi kwamba maji yale yalikuwa yetu na yalikwenda Vioo miaka yote hiyo. Ngusa alikuwa amesimama mlangoni na watu wake wachache. Kiti hakupewa.

Kirumbe aliruka wa kwanza. Alisema tumeibiwa na bati mchana kweupe. Akasema hakuna haja ya maneno, wale ni wageni, sheria inajulikana: koo lifukiwe leo hii, na watu waende walikotoka. Wengi walipiga makofi. Nilimtazama Ngusa, naye akayainamisha macho akitazama viatu vyake. Nilijichukia. Nilihisi nimewakabidhi watu wale kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama Nakivona akasimama, taratibu, akiishikilia meza.

"Kufukia ni kuwasamehe," akasema. "Tukifukia, wataondoka na maji yetu matumboni mwao, na hatutapata kitu. Mimi siwasamehi. Ninawashitaki."

Baraza lilinguruma kwa furaha. Hata Kirumbe alifurahi. Hajazaliwa mtu wa Ikombwa atakayekataa kesi ya maji baada ya ukame wa kesi wa namna ile. Mama Nakivona akavaa miwani, na karani wa baraza, Sifueli, akavuta kiti akae sawa, akauliza swali la kwanza kama desturi inavyotaka kabla ya kesi yoyote ya maji kusikilizwa.

"Mdaiwa ni mwana-ndiva?"

"Ndiyo," Mama Nakivona akajibu. "Asingekuwa mwana-ndiva, ningemshitaki vipi?"

Kelele zikapungua. Niliona vichwa vikigeukiana. Sifueli akamtazama mwenyekiti, akatazama watu waliokuwa wakimngoja aendelee na ile kesi waliyoitamani hivyo. Angeweza kusema hapana. Angesema hapana, kesi ingekufa pale pale na kila mtu angerudi nyumbani kulisha kuku. Hakuwa na ubavu huo.

"Mdaiwa apewe kiti," akasema.

Kiti kikapitishwa juu ya vichwa vya watu hadi mlangoni. Ngusa alikipokea kama mtu anayepewa mzigo asioujua, akaketi.

Kesi yenyewe ilikuwa tamu na sitaisimulia yote. Mama Nakivona alizungumza hadi chai ikaletwa na kupoa. Alieleza baki la kila msimu, alilitukuza kila tone, aliwafanya watu waone shangazi zao waliovuna haba kwa ajili ya tone hilo. Mimi niliitwa shahidi nikathibitisha. Alipomaliza, Ngusa aliulizwa ana lipi la kusema.

"Tulikunywa," akasema. "Hatukujua ni yenu, tuliamini ni ya Mungu. Lakini kunywa tulikunywa. Watoto wetu wamekua kwayo, na hilo siwezi kulikana wala sioni aibu nalo. Tuambieni tulipe nini."

Wazee watatu wa hukumu waliinamiana. Wakarudi wakasema mdai ameshinda. Ukumbi ukashangilia. Mama Nakivona akaulizwa anadai nini, akasema hataki fedha wala mifugo ya mtu.

"Nataka tope," akasema. "Watu wa Vioo watoe tope la ndiva kwa kila msimu waliokunywa, msaragambo kwa msaragambo, bega kwa bega na wana-ndiva wenzao."

Wakashangilia tena, kwa sababu ni hukumu nzito. Kirumbe alikuwa akipiga makofi kuliko wote. Halafu makofi yake yakapoa, akasimama na kidole hewani.

"Lakini mama," akasema, "atoaye tope ndiye—"

"Malizia, mwanangu," akasema Mama Nakivona.

Kirumbe aliitazama ndiva kupitia dirishani, nusu yake tope. Alikuwa mchoyo, lakini hakuwa mjinga, na mgongo wake ulikuwa umeanza kumuuma tangu masika. Akakaa.

5

Watu wa Vioo walipanda mlima alfajiri na majembe, karai na mabati ya vioo vilivyopasuka, ambayo waliyakunja yakawa machepe bora kuliko yetu. Waliingia hadi kiunoni. Sisi tuliingia hadi magotini, tukapika, tukatoa ushauri mwingi. Kufikia jua la utosi nilisikia Kirumbe akimfundisha kijana wa Kimakonde matusi yetu ya heshima, na kijana akimrudishia ya kwao. Wiki zilizofuata ndiva ilizidi kwenda chini, hadi tukaona sakafu ya mawe waliyoitandaza mababu, ambayo hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuiona. Mama Nakivona aliletwa na kigoda chake aitazame. Alilia, na hakujificha.

Bwawa lisilo na tope hubeba maji mengi. Nilikwisha kupiga hesabu hiyo kabla hatujamaliza, lakini sikumwambia mtu. Niliacha kila mmoja aione kwenye jiwe lake. Tulitoboa kilango kipya kwenye ukingo wa nyuma, juu kidogo ya lile koo, na nikaketi mbele ya mashine ya mwanga kukiandikisha. Haikuhitaji mkalimani. Niliongeza mdau mmoja, nikaiamuru igawanye. Ikagawanya bila kusahau kitu, na hapakuwa na baki.

Watu wa kitongoji kile walikuwa wamesimama nyuma yangu pamoja na wa kwetu. Tulisikia maji yakiingia msituni. Wengine walikimbia kuyafuata korongoni, na ukelele wa furaha ukawa unateremka nao, ukizidi kuwa mdogo. Ngusa hakukimbia. Alibaki anaitazama skrini, uso umekunjamana.

"Dada fundi," akasema, "hii namba yetu ndiyo inayotoka kilangoni?"

Nikamwambia ndiyo.

"Lakini sisi tuko mbali. Korongo linakunywa njiani, na jua la tambarare nalo linakunywa. Yanayofika si haya. Mashine yako haijahesabu njia."

Alikuwa na haki, na nilianza kumwambia kwamba tutapima. Kirumbe alinitangulia. Alimkumbusha, kwa raha zote, kwamba mgawo wa kompyuta haukatiwi rufaa, ni kiapo.

Ngusa Malale, mtoto wa Usukuma aliyekuja kutandika vioo, alivuta kiti chake mbele akaketi katikati ya chumba.

"Basi nakishitaki kiapo," akasema.

Mama Nakivona alitafuta miwani yake mfukoni, akaifuta kwa kanga polepole, akaivaa, uso umemkunjuka kama wa msichana.

"Mashahidi unao?" akamwuliza.